Nyekundu au nyeupe? Swali la kwanza la divai silo hilo

Simama dakika chache karibu na rafu ya divai katika supamaketi yoyote ya Kisumu au Nakuru Krismasi inapokaribia. Mteja anachukua chupa nyekundu, anaigeuza, anasoma bei, anairudisha. Anachukua nyingine, nyekundu vilevile, bei ileile. Nayo imetoka Afrika Kusini kama ya kwanza, na ina picha ya shamba na mlima. Akifika nyumbani, moja itakuwa tamu kama soda na nyingine itamkaza ulimi kama aliyeuma ndizi mbichi. Aliyeangukia hiyo ya pili husema imeharibika, huimwaga, na tangu siku hiyo hutangaza kwamba divai nyekundu haipatani naye.

Divai ile ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa kwenye swali. Dukani, harusini na hotelini tunaulizwa "nyekundu au nyeupe?", ilhali rangi haikwambii kama kinywaji ni kitamu au la, wala kama ni kizito au chepesi. Swali linalostahili kutangulia ni hili: tamu au kavu? Likishajibiwa, mambo ya zabibu, nchi na chakula hupangika bila taabu.

Maneno kabla ya chupa

Nchini Kenya neno "mvinyo" hubeba mizigo miwili. Mtu akialikwa kwa glasi ya mvinyo anawaza zabibu, lakini taarifa ya habari ikisema polisi wamenasa mvinyo, huenda ni wiski au vodka. Kwa hiyo humu ndani nitatumia "divai", neno ambalo msomaji wa Biblia analijua tangu arusi ya Kana: maji ya zabibu yaliyochachuka. Kinywaji cha mapapai au mananasi kilichochachushwa ni divai ya matunda, nacho kina utaratibu wake.

Neno la pili ni "kavu". Kwenye chupa utaliona kama "Dry" ikitoka Afrika Kusini au Australia, "Sec" ikitoka Ufaransa, "Secco" Italia, "Seco" Uhispania na "Trocken" Ujerumani. Yote yanasema kwamba sukari ya zabibu imekwisha au imebaki kidogo sana. Kinyume chake ni tamu: "Sweet", "Doux", "Dolce", "Dulce", "Süss". Katikati kuna nusu kavu na nusu tamu.

Sukari inakwenda wapi

Zabibu zikipondwa, chachu huanza kula sukari iliyomo na kutoa pombe na gesi. Anayejua busaa inavyotengenezwa anaijua kazi hii. Busaa huanza na unga wa mahindi, na lazima kimea cha wimbi kigeuze wanga kuwa sukari kwanza. Zabibu huja na sukari yake tayari. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya pombe. Maji ya zabibu yenye gramu 220 kwa lita, chachu ikiyamaliza, hutoa divai kavu ya karibu asilimia 13. Chachu ikikatizwa njiani, kwa baridi kali na kuchujwa, sukari hubaki na pombe huwa ndogo.

Hapo umepata dokezo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Soma asilimia ya pombe. Chupa yenye 7 au 8 ni tamu mara nyingi. Yenye 12.5 hadi 14.5 kwa kawaida ni kavu. Yenye 17 hadi 20 imeongezwa pombe kali, kama Porto ya Ureno, ambayo huongezwa katikati ya kuchachuka ili kuiua chachu. Ndiyo maana ni tamu na kali kwa pamoja. Dokezo hili lina vighairi, kwa sababu watengenezaji wengine huongeza maji mazito ya zabibu baada ya kuchachuka ili kuitia utamu divai yenye 11 au 12. Kwa hiyo soma asilimia pamoja na neno la utamu.

Kiasi chenyewe ni hiki. Katika Umoja wa Ulaya, divai ya kawaida huitwa kavu ikiwa na gramu 4 za sukari kwa lita au pungufu, ingawa yenye uchachu (asidi) wa kutosha huruhusiwa kufika 9. Huitwa tamu kuanzia gramu 45. Afrika Kusini kavu huishia gramu 5, na ile inayoandikwa "Natural Sweet", ambayo imejaa kwenye rafu zetu, ina zaidi ya gramu 20. Geuza hesabu hiyo iwe vijiko vya chai vya gramu 4. Chupa ya mililita 750 iliyo kavu kwa kipimo cha gramu 4 haina hata kijiko kimoja kwa ujumla. Chupa yenye gramu 45 kwa lita ina vijiko 8 na nusu hivi. Soda ya kawaida ina karibu gramu 100 kwa lita. Mtu aliyezoea soda akionja divai kavu kwa mara ya kwanza, ulimi hutafuta sukari ambayo haipo na kuhukumu kwamba kinywaji kimechacha.

Jihadhari pia na harufu, kwa maana hudanganya. Divai nyeupe ya zabibu za Sauvignon Blanc kutoka Marlborough, New Zealand, hunukia pasheni na pera, na mtu huapa kwamba ni tamu. Bana pua, kunywa kidogo, kisha uulize ulimi peke yake. Utamu ukitoweka, ulikuwa harufu ya tunda. Ukibaki, hiyo ni sukari.

Rangi ni habari ya maganda

Pasua zabibu nyekundu uliyonunua sokoni uangalie ndani. Nyama yake haina rangi nyekundu. Rangi yote iko gandani. Ukikamua na kuondoa maganda papo hapo, unapata divai nyeupe hata kama zabibu zilikuwa nyeusi. Champagne nyingi zinazong'aa kama dhahabu zina zabibu nyeusi ndani yake, Pinot Noir na Meunier. Ukiacha maganda saa chache, hadi siku moja au mbili, unapata ya pinki. Ukiyaacha wiki moja hadi tatu wakati maji yanachachuka, unapata nyekundu.

Koo za zabibu nazo hazijali rangi. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwa vinasaba kwamba Cabernet Sauvignon, zabibu nyeusi inayoheshimiwa kuliko karibu zote, ni mtoto wa Cabernet Franc, ambayo ni nyeusi, na Sauvignon Blanc, ambayo ni nyeupe.

Maganda yanapotoa rangi hutoa pia tanini, na hiki ndicho kitu kinachotenganisha kweli nyekundu na nyeupe mdomoni. Tanini huleta ukakasi. Fikiria chai ya rangi. Majani ya Kericho yakikaa dakika mbili kwenye maji moto, chai ni laini. Yakisahauliwa birikani nusu saa, chai inakausha mdomo mpaka midomo inanata kwenye meno. Ukitia maziwa, ukali unapungua, kwa sababu protini ya maziwa huishika tanini kabla haijafika kwenye mate yako. Kumbuka maziwa hayo. Tutayarudia tukifika kwenye nyama.

Hapa ndipo penye imani moja inayonikera kwa sababu inaumiza watu: kwamba divai nyekundu huongeza damu. Akina mama waliojifungua hupewa glasi, wagonjwa waliopungukiwa damu hununuliwa chupa. Wekundu ule ni rangi ya ganda, aina moja na rangi ya kabichi ya zambarau, na hauna uhusiano wowote na damu ya binadamu. Madini ya chuma yaliyomo ni machache, na tanini huzuia mwili kufyonza chuma cha mboga. Mwenye upungufu wa damu anahitaji kupimwa na kutibiwa, na mboga kama osuga zina nafasi yake, chupa haina. Kuhusu ile hoja ya kulinda moyo, Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Divai inywewe kwa ladha yake, na anayetafuta dawa aende hospitali.

Mambo manne mdomoni

Utamu na ukakasi tumeshavieleza. Vimebaki viwili.

Uchachu ni asidi, ile ya limau na ukwaju. Utaujua kwa mate: ukimeza na mate yakatiririka pembeni mwa kinywa, uchachu uko juu. Usiuchanganye na ukakasi, ambao hufanya kinyume, hukausha. Uchachu ndio unaoifanya divai nyeupe ichangamshe wakati wa joto, na divai tamu isiyo na uchachu huchosha kama sharubati iliyozidi sukari.

Uzito ni jinsi kinywaji kinavyokaa ulimini. Hapa hatuhitaji mfano wa mbali, kuna uji mwepesi na uji mzito. Pombe nyingi na zabibu zilizoiva kwenye jua kali huleta uzito. Pinot Noir ni uji mwepesi. Shiraz ya Barossa, Australia, ni uji wa wimbi uliokorogwa ukakolea.

Kwa mambo haya manne unaweza kuziweka zabibu mahali pake. Katika nyeupe, Sauvignon Blanc ni kavu, kali kwa uchachu na nyepesi, yenye harufu ya majani mabichi na pasheni. Chardonnay hubadilika kulingana na mikono iliyoitengeneza: isiyoingia pipani ni safi kama tofaa la kijani, na iliyolala kwenye mapipa ya mwaloni hunukia siagi na vanila na kuwa nzito. Riesling ina uchachu mkali na inaweza kuwa kavu kabisa au tamu kabisa, kwa hiyo usiinunue bila kusoma neno la utamu. Moscato hunukia zabibu zenyewe na mara nyingi ni tamu. Katika nyekundu, Pinot Noir ina ukakasi mdogo, Merlot ni ya katikati na laini, Malbec imejaa tunda jeusi, Shiraz ina pilipili manga, na Cabernet Sauvignon ndiyo yenye ukakasi kuliko hizo nyingine. Shiraz na Syrah ni zabibu moja yenye majina mawili.

Aliyezoea divai tamu na anataka kujaribu kavu asiruke moja kwa moja hadi Cabernet. Huko ndiko wengi wanakokatia tamaa. Aanze na Chenin Blanc (zabibu nyeupe inayolimwa sana Afrika Kusini) nusu tamu, kisha Chenin kavu, halafu Merlot, halafu Pinotage (nyekundu ya huko huko) au Shiraz. Ulimi hujifunza polepole, kama mtu anayepunguza sukari kwenye chai kijiko kimoja kwa wiki. Na anayependa tamu abaki na tamu bila kuona haya. Hiyo ni hiari ya ulimi wake.

Molo, viazi, Chablis, Chardonnay

Nchi hugawanyika katika makundi mawili kwa namna zinavyoandika chupa, na mgawanyiko huu unatatiza wanunuzi kuliko kitu kingine.

Afrika Kusini, Chile, Argentina, Australia, New Zealand na Marekani huandika jina la zabibu mbele. Ufaransa, Italia na Uhispania mara nyingi huandika jina la mahali, zikichukulia kwamba unajua kinacholimwa pale. Si jambo geni kwetu. Ukimwambia mtu wa Nakuru "nimetoka Molo na gunia", hatauliza gunia la nini. Molo ni viazi. Vivyo hivyo Kericho ni chai na Mwea ni mchele. Kwa Mfaransa, Chablis ni Chardonnay, Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc, Beaujolais ni Gamay, na nyekundu ya Bourgogne ni Pinot Noir. Bordeaux nyekundu ni mchanganyiko, hasa Merlot na Cabernet Sauvignon. Kwa Mwitaliano, Barolo ni Nebbiolo tupu na Chianti ni Sangiovese kwa sehemu kubwa. Kwa Mhispania, Rioja nyekundu ni Tempranillo hasa. Ukiyashika majina hayo manane, chupa za Ulaya hazitakutisha tena.

Jina la zabibu likiandikwa halina maana kwamba ni zabibu hiyo peke yake. Afrika Kusini na Umoja wa Ulaya hutaka angalau asilimia 85 iwe zabibu iliyotajwa. Marekani kwa jumla 75. Si udanganyifu. Kuchanganya ni ufundi, kama mpishi anavyochanganya kunde na mrenda ili kimoja kisaidie kingine.

Afrika Kusini inastahili maneno zaidi kwa sababu ndiyo inayojaza rafu zetu. Jan van Riebeeck, Mholanzi aliyeanzisha makazi ya Rasi ya Tumaini Jema, aliandika kwamba divai ya kwanza ya huko ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote huko ni Chenin Blanc, ambayo zamani waliiita Steen, na kwa maoni yangu ndiyo chupa yenye thamani bora kwa pesa ya Mkenya: ina uchachu wa kutosha, haina ukakasi, inavumilia joto na inakaa na samaki pamoja na kuku. Pinotage ni mtoto wa nyumbani, iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kupandisha Pinot Noir na Cinsaut. Hunukia moshi na matunda meusi. Ukiona Stellenbosch au Paarl kwenye chupa, tarajia nyekundu nzito. Ukiona Elgin au Walker Bay, maeneo yenye baridi ya bahari, tarajia nyepesi na yenye uchachu zaidi.

Chile ina kisa kinachofundisha. Kwa miaka mingi wakulima waliuza "Merlot" iliyokuwa na harufu ya pilipili hoho. Mwaka 1994 mtaalamu wa Kifaransa Jean-Michel Boursiquot alitembea mashambani akatambua kwamba mizabibu mingi ile ilikuwa Carmenère, zabibu ya Bordeaux iliyodhaniwa imetoweka. Leo Carmenère ndiyo fahari yao, na kwa anayeona Cabernet kali mno ni mbadala mzuri. Argentina ni Malbec ya Mendoza, mizabibu iliyopandwa juu karibu na milima ya Andes ambako mchana ni jua na usiku ni baridi.

Karibu nasi zaidi, kaunti ya Nakuru yenyewe inalima zabibu. Divai ya Leleshwa hutoka Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na imepewa jina la kichaka cha leleshwa kinachoota Bonde la Ufa. Ng'ambo ya mpaka, Dodoma imekuwa ikilima zabibu tangu wamisionari Wakatoliki walipozipanda katika karne iliyopita. Ugumu wa ikweta ni kwamba mzabibu haupati majira ya baridi ya kulala, hivyo mkulima lazima aulaze kwa kuupogoa. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, wakati Bordeaux huvuna mara moja. Zijaribu; ni kipimo kizuri cha jua letu.

Kabla hatujaondoka kwenye karatasi ya chupa, neno "Reserve". Uhispania lina uzito wa kisheria: Rioja nyekundu ya "Reserva" imekaa angalau miaka 3, na "Gran Reserva" miaka 5, kabla ya kuuzwa, sehemu ya muda huo ikiwa pipani. Marekani, Australia na kwingineko neno hilo lipo kwa hiari ya muuzaji. Shimo refu chini ya chupa na uzito wa glasi navyo havikuambii ubora. Wala kifuniko cha kuzungusha si dalili ya divai duni: New Zealand hukitumia hata kwa chupa zake ghali, kwa sababu kizibo cha gome la mti huweza kuleta uvundo na kifuniko cha bati huondoa karibu hatari yote hiyo.

Na mwaka? Umri hauboreshi divai nyingi. Zilizo nyingi madukani zimetengenezwa zinywewe ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Nyeupe ya bei nafuu iliyokaa miaka sita kwenye rafu ya duka lenye joto imechoka, hata kama muuzaji anakusifia umri wake.

Samaki wa Dunga, nyama ya Nakuru

"Samaki nyeupe, nyama nyekundu" ni kanuni inayofaa kwa sababu ambazo ni vyema kuzijua, maana ukizijua utajua pia lini kuivunja.

Ngege wa kukaanga anayeliwa ufukweni Dunga, Kisumu, hukamuliwa limau. Divai yenye uchachu inafanya kazi ileile ya limau: hukata mafuta. Sauvignon Blanc au Chenin kavu, baridi, ndiyo jibu. Nyekundu yenye ukakasi ikikutana na mafuta ya samaki, hasa omena, huacha ladha ya chuma mdomoni, kama uliyelamba sarafu. Inatokana na madini ya chuma yaliyomo kwenye divai. Mbuta aliyepikwa kwa mchuzi mzito wa nazi au krimu anahimili Chardonnay ya pipani.

Nyama choma ni yale maziwa ya chai. Protini na mafuta huishika tanini, chumvi huilainisha, na divai iliyokaza ulimi ikinywewa tupu inageuka laini baada ya tonge la mbuzi. Kwa hiyo usihukumu Cabernet au Malbec kabla hujala. Aliya, ile nyama iliyokaushwa, kwa chumvi yake hupendana na Pinotage. Kuku wa kienyeji, ingokho ya Kakamega, yuko katikati: Merlot upande mmoja, Chardonnay upande mwingine.

Palipo na matatizo ni pilipili, uchungu na sukari. Pilipili huwaka zaidi pombe ikiwa nyingi, basi kachumbari kali ichukue divai nyepesi yenye utamu kidogo, Riesling au Chenin nusu kavu. Managu na mboga nyingine chungu huongeza uchungu wa tanini, kwa hiyo nyekundu nzito ikae pembeni. Na keki ya harusi: hapa ndipo sherehe nyingi hukosea. Keki ikiliwa na divai kavu, divai inakuwa chungu ghafla, kwa sababu kinywaji kinapaswa kuwa kitamu kuliko chakula. Kavu itolewe na chakula, Moscato ije na keki.

Joto la Kisumu

Umesikia kwamba nyekundu hunywewa katika "joto la chumba". Chumba kinachosemwa ni cha mawe, huko Ulaya, kabla ya vipasha joto, karibu nyuzi 16 hadi 18. Mchana wa Kisumu hufika nyuzi 29 au 30. Nyekundu katika joto hilo hutoa mvuke wa pombe puani, tunda linapotea, na mtu hudhani amenunua divai mbaya. Weka chupa nyekundu kwenye friji saa moja hivi kabla ya kuifungua, au dakika 10 kwenye ndoo ya barafu. Nakuru au Eldoret asubuhi ya Julai, chupa iliyo kabatini huwa tayari karibu na kiwango chake.

Nyeupe inataka nyuzi 8 hadi 12, tamu na zenye mapovu baridi zaidi, 6 hadi 8. Friji inahitaji saa tatu au zaidi. Ndoo inahitaji nusu saa. Lakini ndoo iwe na maji pamoja na barafu, hadi mabegani mwa chupa. Barafu bila maji hugusa chupa sehemu chache tu, hewa ikijaa katikati, na baridi haifiki. Kiganja cha chumvi huharakisha. Usiiache kwenye friza ukasahau: maji hupanuka yakiganda, husukuma kizibo au kupasua chupa. Baridi iliyozidi pia huua harufu, na hiyo ni mbinu nzuri ya kuokoa divai dhaifu na kosa kubwa kwa divai nzuri.

Joto la siku nyingi ndilo adui wa kweli. Chupa iliyosimama dirishani juani, juu ya friji au ndani ya buti la gari Kisumu huiva. Dalili ni kizibo kilichojitokeza juu ya mdomo wa chupa, utomvu unaonata shingoni, na harufu ya tunda lililochemshwa. Dukani, acha chupa zilizo mstari wa mbele karibu na dirisha au chini ya taa kali. Chukua ya nyuma, yenye mwaka wa karibuni. Nyumbani, chini ya kabati mbali na jiko panatosha, na yenye kizibo cha gome ilazwe ubavu ili kisikauke.

Pesa, hesabu na kasoro

Chupa ya bei ya chini kabisa na ya bei ya kati zina gharama nyingi zinazolingana: glasi, kizibo, meli hadi Mombasa, lori hadi Kisumu. Ushuru wa bidhaa nao hauangalii ubora wa zabibu. Kwa hiyo katika chupa ya chini kabisa, kinachobaki kulipia zabibu ni kidogo mno, na nyongeza ndogo ya bei huingia karibu yote kwenye divai. Ukishapita bei ya kati, nyongeza huanza kulipia jina na uhaba.

Kabla ya kulipa, kagua stempu ya KRA shingoni na uisome kwa programu ya simu ya Soma Label. Chupa isiyo na stempu iache, hata kama muuzaji ni jirani.

Kwa sherehe, chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5 za mililita 150. Wageni 200, nusu yao wakinywa glasi mbili kila mmoja, wanahitaji chupa 40, au katoni 6 za lita 5. Kamati husahau kwamba glasi hiyo moja ya asilimia 13 ina pombe ya mililita 19 na nusu, karibu sawa na Tusker ya nusu lita yenye 4.2, ambayo ina 21. Chupa nzima ni zaidi ya bia nne na nusu. Yule anayesema "ni divai tu" halafu akashika usukani kurudi Bungoma, mzuieni.

Chupa iliyofunguliwa hukaa siku tatu hadi tano kwenye friji, nyekundu pia, ikiwa imezibwa. Katoni yenye bomba hudumu wiki nne hadi sita kwa sababu mfuko wa ndani hujikunja bila kuingiza hewa. Ikinuka siki, bakteria wameingia, itumie jikoni. Ikinuka gunia lenye ukungu au boksi lililoloa, kizibo kimeiharibu na duka linalojiheshimu hubadilisha, mradi chupa irudi ikiwa karibu imejaa. Nyeupe iliyogeuka kahawia kama tofaa lililokatwa imepigwa na hewa. Lakini ukiona vipande vinavyong'aa kama chembe za chumvi chini ya chupa nyeupe, usiimwage ukidhani ni vioo. Ni asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi ya friji, haina madhara. Mimina polepole na chembe zitabaki chini.